Taa ya Basi la Nyota: Maisha ya Dada Yetu, Bi Swichi

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi wenzangu, asanteni kwa kuja. Mimi ni mdogo wake marehemu, yule anayemfuata, fundi umeme. Nimepewa dakika kumi. Kamati ya familia iliniomba niondoe aya moja kwenye wasifu huu, nami nimekataa, kwa hiyo aliyechoka kusimama atafute pa kukaa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, alfajiri, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano wa seremala na mshona nguo. Mama alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu hakulia mara moja. Alitazama kwanza mwanga unatokea wapi, ndipo akaanza fujo. Mwaka uliofuata nikazaliwa mimi, na fujo yote ikahamia kwangu.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari ya wasichana, akamaliza kidato cha nne mwaka 1975. Akiwa kidato cha pili, darasa lao lilikuwa na balbu mbili. Ya dirishani haikuwahi kuungua, ya mlangoni iliungua kila mwezi. Mwalimu alisema ni bahati mbaya. Marehemu hakukubali. Alichukua daftari, akahesabu kwa wiki tatu mlango unabamizwa mara ngapi na nani, halafu akanyoosha mkono mbele ya darasa zima: "Mwalimu, siyo bahati. Ni wewe unavyoingia." Alifagia uwanja siku tano. Lakini balbu ile haikuungua tena, maana mwalimu alianza kufunga mlango kwa adabu.

Baada ya shule aliuza katika duka la vifaa vya umeme, na mwaka 1982 akaajiriwa katika ukumbi wa michezo ya mashine nyuma ya kituo cha mabasi. Waliokulia mtaa ule wanaujua: chumba kirefu, sakafu ya saruji nyekundu, mashine sita zilizosimama ukutani mithili ya makabati ya nguo, kila moja na skrini yake, vitufe vyake, na juu kabisa kibao cha kioo chenye picha ya mchezo, kinachomulikwa kutoka nyuma na taa ndefu ya tyubu. Kazi yake ilikuwa kuuza vile vipande vya bati vya kuchezea. Fundi wa mashine alikuja mara moja kwa mwezi, na marehemu akawa anamshikia tochi. Mwaka haujaisha, fundi ndiye aliyekuwa anashika tochi. Hapo ndipo alipopata jina la Bi Swichi. Mwenye ukumbi alipostaafu mwaka 1994, alimwachia yeye ukumbi na mashine zote, na kwa miaka ishirini na tisa dada alifungua mlango ule kila asubuhi saa tatu kamili.

Ndoa yake ilitokana na ajali. Mwaka 1986, mashine zikihamishwa ili ukuta upakwe rangi, kibao cha mchezo wa chombo cha angani kilianguka kikawa vipande. Akaitwa mchoraji wa mabango, kijana mpole, aliyejua kuchora kioo kwa nyuma, herufi zikienda kinyume, ili kwa mbele zisomeke sawa. Tatizo ni kwamba maisha yake yote alikuwa anachora mabasi. Chombo cha angani hakuwahi kukiona. Basi akachora alichokijua: basi lenye mabawa, likikata katikati ya nyota, na wipa zake mbili kwenye kioo cha mbele. Ndani akamweka dereva mwanamke mwenye kilemba chekundu. Dada alikitazama kwa muda mrefu.

"Huyu nani?"

"Dereva."

"Mbona ana pua yangu?"

"Madereva wengi wana pua hiyo."

Walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1987, wakajaliwa mtoto wa kike na wa kiume. Mashine ile iliitwa Basi la Nyota tangu siku hiyo, na foleni yake ilikuwa ndefu kuliko za zile tano.

Shemeji alitutoka tarehe 19 Agosti 2012. Wakati huo mabango yake yote mtaani yalikuwa yameshabanduliwa, yamewekwa haya ya kuchapishwa na kompyuta. Duka la dawa, kinyozi, gereji, kote. Katika kazi zake za mikono kilibaki kitu kimoja tu: kile kioo.

Sasa ndiyo aya yenyewe.

Miezi mitatu baada ya mazishi, nilitaka kumfurahisha dada. Kibao cha shemeji kiliniudhi kwa mwanga wake hafifu. Siku dada alipokwenda kupeleka karatasi za shemeji ofisini, nikafungua lile sanduku la taa, nikatoa tyubu ya zamani, nikafunga mpya yenye nguvu, ya kumulikia vioo vya madukani. Nyuma ya kioo nikakuta bamba la plastiki nyeupe, limechomekwa kati ya tyubu na picha, limejaa vumbi. Nikajisemea, wabeba mizigo walioleta mashine hii walisahau kutoa kifungashio. Nikalitoa. Na kwa kuwa mimi si mtu wa kutupa kitu, nikalitandika chini ya sanduku langu la vifaa. Dada aliporudi, kibao kilikuwa kinawaka kama jua la saa sita. Alinishukuru, jamani. Alinishukuru kwa mikono miwili.

Miaka minne haikupita, kilemba cha dereva kikaanza kupauka. Kikawa cha waridi, kisha cheupe. Kwenye mabawa rangi ikaanza kubabuka. Nilishuku, nikanyamaza, na kila mwaka ulivyopita kusema kukawa kugumu zaidi. Mwaka 2021 dada aliazima bisibisi ya nyota kwangu. Alifungua sanduku langu la vifaa mwenyewe, akakaa nalo kidogo, akalifunga.

"Mdogo wangu," akaniambia, "sanduku lako lina sakafu nzuri."

Nilipolifungua nyumbani nikakuta bamba limegeuzwa. Upande ambao sikuwahi kuutazama uliandikwa kwa penseli, kwa herufi nzuri za shemeji: USITOE. RANGI ITAUNGUA.

Wiki mbili sikupita ukumbini. Nilizunguka mtaa wa pili kama mtu anayedaiwa. Siku ya kumi na tano dada akanifuata nyumbani, mbele ya mke wangu, ambaye hakujua lolote. "Umemwanika shemeji yako miaka tisa," alisema, "sasa unajificha wapi? Njoo, nina kazi." Mke wangu akauliza ni kazi gani. Dada akamjibu, "Wifi, ni choki ya taa imezeeka." Na hivyo ndivyo alivyowaambia hata wanawe. Wapwa zangu, choki, yaani kile kifaa cha kutuliza umeme wa tyubu, ilikuwa nzima. Ni mimi.

Mpwa wangu wa kike alishauri kioo kitolewe, kitundikwe sebuleni, mbali na taa. Lilikuwa wazo zuri, na nilimuunga mkono. Marehemu hakutaka kulisikia. "Baba yako alikichora kiwake kwa nyuma," alisema. "Ukikizima unatundika ubao." Lakini kila saa taa ilipowaka, rangi ilizidi kuliwa. Na dada alipoamua jambo, hata umlilie, haambiliki.

Basi akarudi kwenye lile daftari lake la kidato cha pili. Makopo ya rangi ya shemeji yalikuwa bado stoo, yamekauka nusu. Akayalainisha, akapaka vipande kumi na viwili vya kioo, akafunika nusu ya kila kipande kwa kadibodi. Kila kimoja akakiwekea taa yake: tyubu, balbu, na huu utepe wa taa ndogondogo mnazoziita LED, mweupe, wa manjano, karibu, mbali. Jiko lake likawa halina pa kuweka sufuria. Kila Jumamosi aliinua kadibodi, akalinganisha nusu mbili, akaandika. Aliendelea hivyo kwa miezi kumi na sita, kuanzia Januari 2022. Mimi nilikuwa nikileta waya na kufokewa.

Mwezi Septemba mwaka ule moyo wake ulianza kushindwa. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Daktari alimkataza kupanda ngazi, kubeba, na kusimama muda mrefu. "Na kuangalia?" alimuuliza. Daktari akasema kuangalia ruksa. "Basi hujanikataza kitu," akasema, akarudi kwenye vioo vyake. Alilazwa mara tatu. Mara zote tatu alituma mtu akaandike Jumamosi.

Mwishoni mwa Aprili 2023 alipata jibu. Utepe wa manjano, ukae umbali wa kiganja kizima kutoka kwenye kioo, adapta ya volti tisa badala ya kumi na mbili ili mwanga upungue, na bamba jipya jeupe katikati. Kipande cha taa hiyo peke yake hakikuwa na mstari. Ukitoa kadibodi, huwezi kujua nusu ipi ilikaa gizani.

Tarehe 3 Juni 2023 tulikwenda ukumbini asubuhi, yeye, mimi na bintiye. Alikalishwa kwenye kiti chake cha kuuzia. Mikono yake ilikuwa imevimba, bisibisi haishiki. Akanipa mimi, kwa sharti moja: "Kila unachokitoa, sema kwa sauti ni nini, na kwa nini unakitoa." Basi mtu mzima nikasimama juu ya stuli nikitangaza. Tyubu, naitoa kwa sababu inachoma rangi. Stata ya kuwashia tyubu, naitoa kwa sababu haina kazi tena. Choki, naitoa kwa sababu ina joto. Ikabaki mifereji miwili mitupu, ile ya bamba. Mpwa wangu akauliza, "Mjomba, hapa palikuwa na nini?" Nikafungua mdomo. Dada akaniwahi: "Palikuwa na kitu kikachakaa. Endelea na kazi."

Tulipowasha, haukuwa mwanga wa kuumiza macho. Nyota zilionekana zote, hata zile ndogo za pembeni. Kilemba kilibaki cheupe, maana rangi iliyokwenda imekwenda. Nikamwambia rangi nyekundu bado iko kwenye kopo, nikijaze. Akakataa. "Usimguse. Acha aendeshe hivyohivyo." Alikaa pale hadi saa sita, hakuuza kitu, anatazama tu. Nilimwona akifurahi, nami nikaenda nyuma ya mashine nikalia.

Wiki mbili baadaye, wodini, aliniambia wasifu wake niusome mimi. Nikamwambia hapana, dada, nitaharibu, asome mpwa, ana sauti nzuri. Nadhani alijua nakimbia nini.

"Sitaki sauti nzuri. Utasoma wewe, na utasoma yote. Ukiruka aya, nitajua."

Alifariki dunia tarehe 27 Juni 2023, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano. Wanawe walikuwa kando yake. Mimi nilikuwa ukumbini, kwa amri yake, kwa sababu ilikuwa siku ya kazi.

Marehemu ameacha mtoto mmoja wa kike na mmoja wa kiume, mkwe mmoja, wajukuu watatu, kaka yetu mkubwa, sisi wadogo zake watatu, mawifi, mashemeji, na mashine sita zinazofanya kazi. Wapwa zangu, mwanitazama, na mna haki. Kazi ya baba yenu niliiharibu mimi, na mama yenu alinifichia miaka miwili mpaka akanisimamisha hapa niseme mwenyewe. Nisameheni.

Dada, sijaruka hata aya moja. Pumzika kwa amani.