Taa Nne za Mzee Zima-Zima

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, saa kumi na moja jioni, Mzee Audace Nimbona atazima taa za gereji yetu ya Bayhead kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na sita na miezi saba akiwa fundi wa umeme wa malori. Anayeandika ni Benedicta wa stoo ya vipuri. Amefanya naye kazi miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo amezimiwa taa akiwa ndani mara zisizohesabika.

Mzee alifika Durban kutoka Burundi akiwa na mkewe, Mama Joséphine, begi moja na testa ya umeme. Wiki tatu alisimama getini kwetu akiomba kazi. Asubuhi moja lori la kontena lilizimika palepale getini, likaziba njia, nyuma foleni mpaka kwenye robot, yaani taa za barabarani. Mzee alilifufua kabla mlinzi hajamaliza kumfukuza. Hajafukuzwa tena tangu siku hiyo.

Jina la Zima-Zima alilipata mapema. Haivumilii taa inayowaka bila kazi. Cathy wa uhasibu aliwahi kuachwa gizani chooni, akapiga kelele mpaka bandarini wakasikia. Mzee aliomba radhi kwa heshima zote akiwa nje ya mlango, lakini swichi hakuigusa mpaka alipohakikisha kwamba dada bado ana shughuli humo.

Ufundi wake haukuwa na mzaha. Ndiye aliyetufundisha kuweka alama kwenye nyaya kwa rangi ya kucha, maana haifutiki na oili. Chupa zenyewe zilitoka saluni ya South Beach anakofanya kazi Mama Joséphine, na ndiyo sababu malori yetu yana nyaya za waridi na zambarau zinazowashangaza mafundi wa nje. Baada ya mafuriko ya Aprili 2022 alikesha na malori yaliyomezwa na matope mpaka kumi na moja yakarudi barabarani. Amefundisha vijana kumi na tisa, akiwemo Josias atakayeshika nafasi yake. Pole sana, Josias.

Ila kuna jambo moja lililokuwa likimkera. Malori aliyoyatengeneza yamefika Lusaka, yamefika Lubumbashi, na yeye mwenyewe tangu afike Durban hajawahi kuvuka Pietermaritzburg, mji wa jirani tu. Kwa hiyo kampuni ilipostaafisha lori moja la zamani, alilichukua akaanza kuligeuza nyumba ya safari: kitanda, jiko, friji ndogo, na paneli ya sola juu ya paa. Mpango ulikuwa kwenda Burundi kwa Dada Clementina, dada mkubwa wa Mama Joséphine. Hawa wawili hawajaonana tangu Mama aondoke. Kila Jumapili wanaongea kwa simu, na kila Jumapili Dada anauliza wanakuja lini.

Sasa, Mama Joséphine ana kisukari. Dawa yake ya sindano ni lazima ikae kwenye baridi, na ndani ya lori friji na taa zinakula betri zilezile. Taa zikila sana, friji inalala njaa. Mzee alilijua hilo kuliko sisi sote. Na hapa, kwa heshima zote, ukweli usemwe: Mzee wetu alichemka.

Chini ya rafu ya stoo alikuwa na boksi la balbu alizozitoa kwenye malori ya zamani kwa miaka ishirini. Nzima kabisa, alisema, kuzitupa ni dhambi. Akafunga sita darini, kila moja wati ishirini na moja. Benedicta alimwambia mara tatu achukue taa za LED, akajibiwa kwamba watu wa stoo wanapenda vitu vipya tu. Mtu anayezima taa za wenzake miaka yote hiyo akajaza balbu za ulafi kwenye nyumba yake ya safari, kwa sababu hakutaka kuzitupa!

Mwezi wa tisa wakaenda kuijaribu kwenye kambi moja ya pwani, kusini mwa mji. Mvua ilinyesha siku zote, sola haikuona jua. Jumapili asubuhi friji ilikuwa kimya na dawa ina uvuguvugu. Isitoshe, balbu moja ilikuwa juu ya friji yenyewe, inaipasha moto bure. Mama Joséphine alizipanga chupa zake mezani, akatamka kwamba hasafiri. Afadhali amsikie dada yake kwa simu akiwa hai kuliko kupelekwa kwake akiwa maiti. Kisha akapanda kiti cha mbele, wakarudi kwao mtaa wa Bluff.

Jumatatu Mzee alikuja kazini, na taa za gereji zikawaka kutwa nzima bila mtu kuzigusa. Hapo ndipo tulipoogopa.

Siku ya tatu alikuja stoo mwenyewe, kofia mkononi, akaomba kuona taa za LED. Lakini hakuchagua. Alifanya anachowafundisha vijana, yaani kuuliza kwanza taa inafanya kazi gani na ya nani. Alimleta Mama Joséphine na chupa ya rangi nyekundu ya kucha. Mama akakaa ndani ya lori, akajifanya anapika, akashika sindano, akafungua Biblia kitandani. Kila macho yake yalipotafuta mwanga, aliweka nukta. Zilikuwa nukta nne, na hata moja kati ya zile balbu sita haikuwa karibu na nukta yoyote.

Basi zikafungwa taa nne. Moja nyeupe ya wati nne juu ya meza, ili vistari vya sindano visomeke. Moja ya njano ya wati tatu jikoni. Mbili ndogo za kitandani, wati moja na nusu kila moja, kila mtu na swichi yake. Zote za volti ishirini na nne kama lori lenyewe, tofauti na ule mkanda wa taa za bluu aliouleta dereva wetu Pascal, wa volti kumi na mbili, uliong'aa sekunde mbili kama disko kisha ukatuachia harufu ya kuungua. Taa zote nne kwa pamoja hazifiki nusu ya balbu moja ya zamani.

Ijumaa ya tarehe 14 mwezi huu lori liliegeshwa uani kwetu, injini imezimwa, sola imefunikwa turubai kama siku ya mvua. Taa ziliwaka kwa muda wa saa tano kila jioni, na themometa ikalala ndani ya friji. Jumatatu asubuhi gereji nzima ilisimama uani kama wazazi wanaosubiri matokeo ya mtihani. Mama Joséphine aliingia peke yake. Alikawia. Josias akaguna eish kwa wasiwasi. Kisha Mama akatoa kichwa dirishani: digrii nne, baridi ileile inayotakiwa na dawa.

Jamani, tulipumua! Pascal alipiga honi mpaka mlinzi akatoka mbio. Mzee aliketi juu ya tairi akalia waziwazi, na hakuna aliyemtania. Mama akaweka dawa yake kwenye friji, akaifunga, akashuka. Mzee alipanda haraka kuzima taa ya mezani, kama kawaida yake, akakuta Mama ameshaizima.

Wanaondoka Jumatatu. Mzee Nimbona, asante kwa kila waya na kila taa. Safiri salama na Mama, ustaafu wako uwe wa afya na furaha, na mkifika kwa Dada Clementina tupigieni simu Jumapili, tumsikie akikosa la kuuliza. Za hapa tutazizima wenyewe.