Andiko Alilolifuta Ndidi

Mheshimiwa mwakilishi wa ubalozi, Mzee wetu Zahor mwenyekiti wa jumuiya, Mchungaji Linus, ndugu zetu wa Nigeria mliotoka Sharjah na Ajman, wageni waalikwa, nanyi wenzangu mliokuja moja kwa moja kutoka zamu mkiwa bado na sare zenu: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi ni Caren, Mkenya, mpokeaji wageni katika hoteli moja hapa Al Rigga, Dubai. Nimepewa dakika chache nimuage dada yetu Ndidi Okwuosa, ambaye kesho anarudi kwao Enugu, Nigeria, baada ya kuishi katika mji huu miaka kumi na mmoja.

Wengi wenu mnamjua Ndidi kwa blogu yake. Mchana alikuwa akipokea simu za wateja katika ofisi moja kule Silicon Oasis, na jioni akirudi Karama, kwenye chumba cha wanawake sita, akikaa kitandani na kuandika kwa simu. Sisi tulimshangaa, lakini kwao hilo halikuwa jambo geni. Vijana wa Nigeria walianza zamani, kwenye mikahawa ya intaneti, umeme ukikatika wanangoja, ukirudi wanaendelea pale walipoishia. Waliandika mapishi, nafasi za kazi, harusi za mastaa, misiba na maovu ya wakubwa. Wakubwa wakawacheka. Baadaye wakubwa haohao wakawa hawanywi chai kabla ya kutazama kama wametajwa kwenye blogu. Hiyo ndiyo shule aliyosomea Ndidi, na akatufundisha na sisi, kila Jumapili, bila kuchoka na uandishi wetu mbaya.

Mheshimiwa, leo sitasimulia habari za wingi wa wasomaji wake. Nitasimulia habari za Trinah.

Trinah alikuwa binti wa Uganda, mfanyakazi wa nyumbani, na siku yake ya mapumziko alikuwa akija Karama kutupikia mchuzi wa karanga. Miaka mitatu iliyopita aliumwa kichwa ghafla, akapelekwa hospitali, na siku ya pili akafariki. Madam wake alilia kama aliyefiwa na mwanawe. Alituletea begi la Trinah, pasipoti yake na simu iliyofungwa kwa namba za siri ambazo hakuna aliyezijua. Katika karatasi zake, mahali pa kuandika jamaa wa karibu, paliandikwa namba ya dalali aliyemleta, na namba hiyo haikupatikana tena. Wiki mbili zikapita, mwili ukiwa bado hospitalini. Sisi tuliokula chakula chake hatukujua hata kijiji chake kinaitwaje.

Ndidi akaniambia, "Caren, nitaandika."

Nikamwambia, "Dada, achana nayo. Huku neno moja likisomwa vibaya, khalas, visa imekwenda."

"Simtuhumu mtu. Nauliza tu ni mtoto wa nani."

Nilichukua mkoba wangu nikaenda zangu metro. Naungama hayo mbele yenu, kwa sababu wapo mnaodhani mimi ndiye niliyemtia moyo. Nilirudi siku ya pili yake, nikiwa na aibu, nikamkuta ameshamaliza. Akanisogezea simu bila kunilaumu. Nikaliweka andiko lile katika Kiswahili, na Ashiraf, mlinzi mnayemwona pale karibu na mlango, akaliandika kwa Kiganda.

Aliandika nini? Aliandika kwamba kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto wa Trinah kilikuwa hakikunjiki. Kwamba hakupenda papai. Kwamba alikuwa anacheka kabla hajamaliza kusema jambo la kuchekesha, hata tukawa hatujui limeishia wapi. Na kwamba alituambia kijijini kwao kuna kanisa lililoezuliwa na upepo siku yake ya kipaimara, wakaendelea na ibada chini ya mvua.

Kisha akapiga simu mwanablogu mmoja wa Lagos, mtu mwenye wasomaji wengi kuliko magazeti ya kwao. Akasema, "Nitumie picha yake ya pale hospitalini, nami nitaiweka juu kabisa."

Ndidi akamjibu, "Picha hiyo mama yake hajaiona. Wewe utaionaje kwanza?"

Bwana yule akasema, "Basi nipe maneno." Akayaweka maneno matupu. Na wenzake wakafuata mmoja baada ya mwingine, yule wa mapishi, yule wa mpira, yule wa mambo ya dini, watu ambao hawakuwahi kumwona Trinah, hadi andiko likavuka mipaka likaingia kwetu Afrika Mashariki.

Siku ya tisa ukaja ujumbe wa mwalimu mmoja wa Rakai, kule Uganda: "Kanisa hilo ni letu. Na mwenye kidole hicho ni binti yetu. Nyumbani tunamwita Desire."

Trinah alisafirishwa, akazikwa na watu wake, kwa jina walilompa.

Tungeweza kuishia hapo na kupiga makofi. Lakini andiko halikukoma. Liliendelea kukua. Kampuni zikataka kuweka matangazo pembeni yake. Watu wasiomjua wakaanza kubuni ugonjwa uliomuua, wengine wakamtukana. Ndipo mama yake akapiga simu, na Ashiraf akatutafsiria: "Mwanangu mmeniletea, nawashukuru. Sasa naomba mnyamaze. Watu wanakuja kupiga picha mlango wangu."

Ndidi hakuuliza swali hata moja. Alilifuta alasiri ileile. Akawaandikia wenzake wa Nigeria, mmoja mmoja, akiwaomba wafute, na wengi wakafuta, yule bwana wa Lagos akiwa wa kwanza. Nikamuuliza kama haoni uchungu.

"Naona," akasema. "Sijawahi kuandika vizuri hivyo."

Katika ukumbi huu tuko ishirini na watatu tunaoandika blogu, kwa Kiswahili, Kiganda na Kiingereza. Kila mmoja wetu, kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchapisha, ameshawahi kujiuliza Ndidi angefanya nini. Je, yupo mwalimu aliyefanya zaidi ya hapo?

Sasa, Dada Ndidi, naomba unitazame, maana kuna jambo hujaambiwa.

Unamkumbuka binti wa Trinah, ambaye kwa makusudi hukumtaja katika andiko lako. Wakati ule alikuwa na miaka minne. Sasa ana saba, na anasoma. Wiki iliyopita bibi yake alimpigia Ashiraf simu. Alisema, "Mtoto amesikia shuleni kwamba mama yake aliandikwa. Ananiuliza aliandikwa nini. Mimi sijui kusoma, siwezi kumjibu. Yule dada bado analo?"

Ashiraf analo. Nakala aliyoiandika kwa Kiganda iko kwenye daftari lake, kwa mkono wake, na hakumwonyesha mtu. Alhamisi anakwenda likizo, na Rakai atafika mwenyewe, ili mtoto alisome akiwa amekaa na bibi yake. Hatutalichapisha popote. Lakini ni lako, na hatukutaka litoke hapa bila ruhusa yako.

Hatukuombi hotuba. Itikia kwa kichwa tu.

Ashiraf, umeona. Ameitikia.

Mheshimiwa, wazee wetu, ndugu zangu, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Asanteni sana, na tumsindikize dada yetu kwa amani.