Lenzi ya Bi Taratibu

Miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tatu: huo ndio muda ambao Bi Taratibu amesimama nyuma ya kaunta ya lenzi katika duka letu la kamera. Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi na moja jioni, ataifunga ile droo ya tatu isiyofungika bila kupigwa goti, naye atakuwa mstaafu. Mimi niliyetwikwa kazi ya kuandika haya ni msaidizi wake kwa miaka kumi na mmoja. Mkiona sifa zimezidi, mjue nyingine bado nimezibana.

Jina hilo hakupewa na wazazi, alipewa na wateja. Kaunta yetu inauza lenzi za mkono, zile za daraja la juu zisizojitafutia fokasi. Mpiga picha mwenyewe anazungusha pete ya lenzi mpaka sura itulie. Kila aliyeishika pete hiyo kama anayefunga bomba linalovuja aliambiwa taratibu, awe daktari, awe mkuu wa shule, awe mwenye duka mwenyewe.

Aliajiriwa kufuta vumbi kwenye makabati. Mwezi wa tatu alimwambia muuzaji mkuu wa wakati huo kwamba lenzi anayoisifia ina ukungu ndani. Muuzaji alikasirika, akaipeleka kwenye mwanga, akauona ukungu. Wiki iliyofuata Bi Taratibu alikuwa upande wa pili wa kaunta, na kitambaa cha vumbi akakabidhiwa mwingine.

Kamera za dijitali zilipoingia, wengi wetu tulidhani lenzi za zamani zimekwisha kazi. Yeye alizichukua moja moja, akazifunga kwenye kamera ya filamu asubuhi na kwenye ya dijitali mchana, akapiga picha ya ukuta uleule wa matofali mkabala na duka. Alifanya hivyo miezi minne. Baadhi ya lenzi zenye majina makubwa ziliaibika pembeni mwa picha, na nyingine zisizojulikana ziling'ara. Alipoulizwa amejifunza nini, alisema jina halipigi picha.

Wateja wote wanayajua maswali yake mawili. Utampiga picha nani? Utasimama wapi? Bila majibu, droo haifunguki. Mpiga picha mmoja wa harusi alikuja akitaka lenzi yenye uwazi mkubwa kuliko zote, ile inayoonyesha vizuri sehemu nyembamba tu na kufifisha nyingine, maana rafiki yake anayo. Bi Taratibu hakubishana. Alimpa hiyo lenzi, akamwambia ampige picha yeye akitembea kutoka mlangoni hadi kaunta. Picha kumi na mbili zikatoka, na katika zote hereni zilionekana vizuri ajabu, macho yakawa uji. Alimpongeza kwa hereni, kisha akamuuzia lenzi ya kawaida zaidi. Mwaka uliofuata bwana huyo alituletea picha ya bibi harusi aliyeonekana hadi uzi wa shela, na bado imetundikwa juu ya birika la chai.

Si kwamba hakosei. Kuna asubuhi alizikataa lenzi tatu mpya mfululizo, akaandika barua kali kwamba zote zina ukungu wa kiwandani. Fundi wetu alipoichukua kamera ya majaribio aligundua kwamba mteja mwenye miwani alikuwa amezungusha kile kigurudumu kidogo kando ya kitundu cha kuchungulia, kinachorekebishwa kwa jicho la mtu. Lenzi hazikuwa na tatizo lolote! Bi Taratibu aliandika barua ya kuomba radhi na kubandika nakala yake kwenye kioo cha kaunta ili sote tuione. Tangu siku hiyo hakuna anayejaribu lenzi hapa kabla ya kurekebisha kitundu kwa jicho lake.

Sasa nifike penye moto. Mwaka jana mwenye duka alitangaza kwamba Bi Taratibu akiondoka, kaunta nayo itaondoka, kwa kuwa hakuna wa kuishika. Bi Taratibu alisema mbele yetu sote kwamba yupo, akanionyesha kwa kidevu, akaendelea kufuta lenzi. Mwenye duka akaweka sharti: nichague mimi lenzi ya kumuaga. Ikimfaa, kaunta inabaki. Asipoikubali, Jumatatu seremala anakuja kuibomoa.

Mganga hajigangi. Aliyewachagulia lenzi watu maelfu ana lenzi moja tu, imeota kuvu, na kamera ya filamu aliyoinunua akiwa msichana. Wenzangu walitaka tumpe ya milimita themanini na tano, lenzi ya heshima inayovuta vya mbali, inayotengeneza sura za watu kama malkia. Walinisonga kweli. Mmoja aliniuliza kama namwonea mama wa watu wivu.

Lakini mimi nilikuwa na maswali mawili. Atampiga picha nani? Mama yake mzazi, aliyevunjika nyonga na hatoki chumbani tena. Amesema mara nyingi kwamba akistaafu atakaa naye na kumpiga picha, maana hajawahi kupata nafasi. Atasimama wapi? Hapo nilienda na fundi kumjulia bibi hali, nikaupima umbali kwa hatua. Bibi aliniona nikihesabu, akauliza kama nimetumwa kukinunua chumba. Kutoka kiti cha mgeni hadi mto wa kitanda ni hatua mbili fupi. Kwa ile themanini na tano, Bi Taratibu angelazimika kusimama ukumbini katikati ya viatu na kumpiga picha mama yake kama mtu wa mbali.

Nimechagua thelathini na tano. Nilijaribu tatu za aina hiyohiyo, nikachukua ambayo pete yake si legevu wala si ngumu. Itamchukua bibi pamoja na dirisha na sufu anayofuma, na inasogea karibu kiasi cha kuonyesha mishipa ya mikono. Itaingia kwenye kamera yako ya zamani, Bi Taratibu, na siku ukitaka, kwenye ya dijitali. Kitundu cha kuchungulia fundi ameshakitengeneza kwa jicho lako la sasa.

Asante, mama, kwa kila taratibu. Tunakuombea siku ndefu zenye mwanga mzuri kwenye kiti hicho, pembeni ya mama. Boksi liko mbele yako, lifungue. Nikiwa nimekosea, sema hadharani, barua yangu ya radhi nitaibandika kando ya yako.

Ila seremala nimeshampigia simu. Nimemwambia asije.