Mwalimu Nicolas Lifenya Bosenge, Mgawaji wa Majina ya Kifalme

Mwalimu Nicolas Lifenya Bosenge alizaliwa Opala, kando ya mto Lomami, tarehe 6 Machi 1954. Alikuwa mtoto wa tano wa baba mkulima na mama aliyekuwa na neno la kumwambia kila apitaye. Ulimi aliurithi kwa mama. Jembe la baba hakuligusa ila kwa kulazimishwa.

Baada ya shule ya msingi palepale Opala, alipanda boti hadi Kisangani kwa masomo ya sekondari. Hapo alikutana na vitu viwili vilivyomshika hadi mwisho. Cha kwanza ni kitabu cha historia kisicho na jalada, kilichojaa wafalme wa Ulaya na majina waliyobandikwa: Pépin le Bref, yaani Mfupi, Charles le Chauve, yaani Kipara, Louis le Gros, yaani Mnene. Cha pili ni kijana wa dawati moja naye, Sefu bin Rashidi, wa ukoo wa Waislamu wa siku nyingi wa mji huu. Nicolas alisoma majina kwa sauti, Sefu alicheka, na wote wawili wakatolewa nje. Sefu akawa fundi mwashi. Nicolas akapata diploma ya historia mwaka 1978.

Alifundisha katika sekondari moja ya Mangobo tangu 1979 hadi 2016. Kila mwanafunzi wake alitoka na jina la kifalme, apende asipende. Sheria yake ilikuwa moja: "Mfalme hajipi jina. Jina anapewa na waliomvumilia." Mwaka 1988 alikuja mkaguzi, akavua kofia, na darasa zima likaangua kicheko. Mkaguzi akauliza kuna nini. Msichana wa mbele akasimama kwa adabu, akasema, "Bon, monsieur, tulikuwa tunangojea Charles le Chauve, na sasa ameisha kufika." Marehemu alihamishiwa Lubunga mwaka mzima. Kila asubuhi alivuka mto kwa pirogi, akijisifu kuwa hakuna mfalme wa maana ambaye hajawahi kupelekwa uhamishoni.

Tarehe 19 Desemba 1981 alifunga ndoa na Mama Georgette. Walikuwa wamekutana sokoni, Mama alikokuwa akitafuta viatu namba arobaini na tatu na kuvikosa. Marehemu, asiyejulikana kwake hata kidogo, akamwita Berthe au Grand Pied, Berta wa Mguu Mkubwa. Mama Georgette alimpiga na kiatu alichokuwa nacho mkononi. Marehemu alijitetea kwamba Berta huyo alikuwa mama yake Charlemagne, kaizari mzima. Mama akamjibu, "Donc yule kaizari akupikie." Hata hivyo amempikia yeye miaka arobaini na mitatu.

Mungu aliwajalia watoto watatu: Yannick le Bref, ambaye kweli hakurefuka, Larissa la Belle, yaani Mrembo, na kifungua mimba Élise, aliyepewa jina la Louis le Hutin, Mgomvi. Élise ndiye anayewasomea wasifu huu. Hajawahi kukubali jina hilo, na yuko tayari kugombana na yeyote anayeliona linamfaa.

Sasa yafuata jambo ambalo marehemu mwenyewe aliagiza lisirukwe.

Mwaka 2012 Sefu alinyang'anywa mahakamani kiwanja chake cha Kabondo, kwa kuwa aliyemwuzia alikuwa amekwisha kumwuzia mtu mwingine. Fundi aliyejengea nusu ya mtaa akawa mpangaji. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Julai 2013, aliolewa Élise. Marehemu alikuwa na desturi katika kila sherehe ya nyumbani: kusimama na kuwaita wageni mmoja mmoja kwa majina yao ya kifalme, na kila aliyeitwa huinuka akapungia watu. Alipofika kwa Sefu, alikumbuka mfalme wa Waingereza aliyekosa urithi wa ardhi, Jean sans Terre, yaani Asiye na Ardhi. Akatangaza, "Na sasa, Sefu sans Terre!"

Watu walicheka hadi bia zikamwagika. Sefu aliinuka, akapunga mkono, akaketi. Marehemu alidhani mambo yameishia hapo.

Hayakuishia hapo. Wapanda toleka walilibeba jina hilo kwa baiskeli zao za abiria hadi kila mtaa. Waliotaka kujengewa nyumba walimwulizia Sans Terre. Kisha Mohamadi, mtoto wa Sefu, alipopeleka posa, wazee wa binti wakauliza, "Mutoto ya Sans Terre atalalisha binti yetu wapi?" Posa ikarudishwa. Siku ile Sefu alikuja mlangoni kwa rafiki yake, hakuingia. Akasema, "Nicolas, tribunal ilininyang'anya parcelle mara moja tu. Weye unaninyang'anya kila siku." Miaka kumi na miwili hawakusemezana.

Marehemu alijaribu kulirudisha jina. Alimtangaza Sefu le Bâtisseur, Mjenzi, kwenye kila sherehe, na watu wakapiga makofi kwa heshima, kisha wakaondoka wakisema Sans Terre. Aliwanunulia wapanda toleka kwanga za mihogo na samaki ili waliache. Walikula, wakashukuru, wakauliza, "Eti papa, Sans Terre naye hatakula?" Jina la utani ni kama samaki wa Wagenia, wavuvi wetu wa maporomoko: kuingia mtegoni anaingia mwenyewe, kutoka sharti mtu amtoe. Aliyeweza kulitoa hakujulikana. Jambo hilo lilimtesa kuliko alivyoonyesha, na watoto wake walimwona akipita njia ya mbali ili asikutane na Sefu.

Sukari ilimpata mwaka 2021, ikafuata figo. Mwezi Septemba mwaka huu, akijua safari imekaribia, aliwakusanya watu wake. Aliagiza kwamba kwenye karatasi za mazishi, baada ya "Nicolas", paachwe nukta tu. Yannick alipendekeza le Grand, yaani Mkuu. Baba yake alimwambia asimfanye achekwe huko aendako. "Atajaza Sefu," alisema. "Mwenye kuumia ndiye anachagua."

Élise alitumwa. Alimkuta Sefu juu ya ukuta, akasubiri saa mbili amalize kupiga lipu. Sefu alisikiliza, akaosha mwiko wake, akasema, "Mwambie nimesikia."

"Alicheka?" marehemu aliuliza Élise aliporudi.

"Hapana, papa."

"Basi atanipa baya, na iko haki yake."

Alifariki Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, saa kumi alfajiri, Mama Georgette akiwa amemshika mguu. Sefu alikuwa hajaja.

Karatasi mlizo nazo zinaishia hapo, na nukta zake. Yanayofuata yameandikwa kwa kalamu asubuhi ya leo.

Siku ya pili ya matanga, familia ikiwa bado inahangaika kutafuta mahali pa kuzika, Sefu aliingia uani akiwa na saruji kwenye suruali. Hakuketi.

"Mama Georgette, mutamuzika wapi?"

"Tonton Sefu, bado hatujapata."

"Mie niko na shamba njia ya Masako. Tangu 2019. Ya kifalme hapana, lakini udongo iko muzuri."

Mji mzima ulikuwa haujui. Miaka sita mtu huyu alikuwa na ardhi, analima mihogo, na mji ukaendelea kumwita asiye na ardhi. Mama Georgette alilia kwa sauti, kwa kuwa marehemu naye alikufa bila kujua.

Jana Sefu na Mohamadi walijenga kaburi hili mbele yenu. Walikataza mtu kulisogelea mpaka saruji ikauke. Leo tulipofika, tulikuta Sefu amechora herufi kwa ncha ya mwiko, kubwa, zilizonyooka kama kazi zake zote: NICOLAS SANS TERRE.

 Mama Georgette ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya matofali, viatu namba arobaini na tatu vikamtoka, na kilio na kicheko vikawa kimoja.

Sefu alimwokotea viatu. "Alors, jina nimemurudishia," alisema. "Udongo, ile nimemupatia."

Wenye kalamu, jazeni nukta zenu.

Marehemu ameacha mjane, Mama Georgette; watoto watatu, Élise, Yannick na Larissa; wajukuu saba, wote wakiwa na majina ya kifalme; na rafiki mmoja, ambaye kuanzia leo, kwa yeyote atakayekutana naye njiani, anaitwa Sefu.

Apumzike kwa amani, papa yetu, katika shamba la rafiki yake.