Nyumba ya Nane

Mheshimiwa mwakilishi wa Mkuu wa Makazi ya Nakivale, Bwana Mwenyekiti wa eneo letu, Pasta na Baba Padri mliokubali kukaa benchi moja, Mwalimu wetu Ezira uliyefika kutoka Mbarara, wageni waalikwa, wazazi wetu, na ninyi wenzangu tunaohitimu leo: nawasalimu kwa heshima zote.

Nimechaguliwa kusema kwa niaba ya darasa kwa sababu kazi yangu ya mwisho ilipata alama za juu. Mnaonifahamu mnajua sauti yangu haifiki hata benchi ya pili, basi mnisogelee kidogo. Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Hata kwenye maombi nimelipita pembeni. Kazi ile iliyosifiwa ina uongo ndani yake, na uongo huo unamhusu mtu mmoja aliyesimama pale nje, dirishani, kwa sababu hakupata kadi ya mwaliko.

Wageni mtauliza, watoto hawa walisoma nini? Tulisoma hifadhidata, yaani namna ya kutunza habari katika kompyuta ili anayeuliza apate jibu. Siku ya kwanza Mwalimu Ezira alituambia kwamba kwao Bwizibwera, katika zizi la baba yake, kulikuwa na ng'ombe wawili walioitwa Bihogo kwa sababu ya rangi yao, na mmoja akachomwa sindano mara mbili huku mwenzake hakuchomwa kabisa. Tangu hapo kila ng'ombe ana namba sikioni. Namba hiyo, akasema, ndiyo ufunguo: majina yanaweza kufanana, ufunguo haufanani na wa mwingine. Akatuonyesha kwamba kwenye kituo cha maziwa jina la mfugaji linaandikwa mara moja tu, katika jedwali la wafugaji, na jedwali la maziwa linabeba namba yake tu. Kukiwa na kosa unasahihisha fasi moja, na kwingine kote kunafuata.

Nasi tukaambiwa tutengeneze majedwali mawili, la nyumba na la watu, kila mtu abebe namba ya nyumba yake. Hapo tukakosea kosa la kwetu. Mwenzetu Déo alitaka kumaliza haraka, akaiambia kompyuta iwapange watu katika nyumba kwa jina la mwisho, kama mfano wa kitabuni, na sote tukamwiga. Lakini ni nani hapa, Mkongomani au Mrundi, anayelazimika kuitwa jina la ndugu yake? Kwetu watoto mingi wanapewa kila mmoja jina lake. Kompyuta ikatoa kijiji kizima cha watu wanaoishi peke yao, vitoto vichanga vikiwa wakuu wa nyumba. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Wenzangu wakarudi kuwaunganisha watoto na mama zao. Hata mimi niliunganisha nyumba za majirani. Yangu sikuigusa.

Kwa nini? Nilifika Nakivale nikiwa mdogo, kutoka Fizi kule Kongo, bila mtu. Pale kituo cha kupokelea watu, Mama Godeberthe, Mrundi, aliyekuwa na watoto wake Venuste na Belyse, alinisogeza kwenye mkeka wao bila kuniuliza mimi ni wa nani. Tangu siku hiyo naitwa kula pamoja nao, nagombezwa pamoja nao, napelekwa misa pamoja nao, mimi niliyeanzia kwa Wapentekoste. Lakini darasani walikuwepo vijana wa mjini Mbarara, na niliona haya kuulizwa: mbona mama yako ni Mrundi, na wa kwako wako wapi? Nikaiacha nyumba yangu na mtu mmoja. Kompyuta haikulalamika. Inakataa namba ya nyumba isiyokuwepo. Nyumba ya uongo itaijuaje?

Wiki ya mwisho tulionyesha kazi zetu Mbarara, katika chumba kimoja mtaa wa Nyamityobora, zikamulikwa ukutani. Mama Godeberthe alikuwa ameleta maharage sokoni, akapita kuniletea chakula. Alisimama mlangoni na sufuria iliyofungwa kwenye kitenge, akausoma ukuta taratibu, maana majina yetu anayajua kuyasoma. Nyumba ya saba: Godeberthe, Venuste, Belyse. Nyumba ya nane: Nathalie.

"We Nathalie," akasema, "hapo ukutani uko peke yako. Nani anakupikiaga?"

Watu wakacheka. Déo akaongeza kwamba chef, yaani mkuu, wa nyumba ya nane hana hata sahani. Mwalimu Ezira akaniuliza kwa upole, "Huyu mama ni nani wako?"

Nikasema, "Ni jirani."

Alisikia. Aliweka sufuria juu ya meza, akamuaga mwalimu kama jirani anavyoaga, akaondoka. Na chakula kile nilikila, ndugu zangu. Hiyo ndiyo inayoniumiza zaidi. Nilikila chote.

Nyumbani hakulitaja tena. Kisha zikaja kadi za leo. Mnajua desturi ya darasa hili: cheti hupokelewa na mikono miwili, mmoja wa mhitimu na mmoja wa mzazi. Kompyuta ikaulizwa, kutoka kwenye kazi yangu ile iliyosifiwa, wakuu wa nyumba za wahitimu ni akina nani, ikachapa kadi. Yangu ilitoka na jina langu. Nimealikwa hapa kama mzazi wangu mwenyewe.

Hotuba hii nimeiandika kwa kujificha, kila anayepita naitia chini ya godoro. Jana nilipofika kwenye mstari huu ninaousoma sasa, nikasikia kandambili zake zikija mlangoni. Mkono wangu ulishaikamata karatasi. Nikaiacha mezani. Aliingia, akauliza kama ni ya shule. Nikamwambia, ni yako.

"Basi utanisomea kesho," akasema. "Sasa twende maji."

Mwalimu Ezira, kompyuta iko mbele yako. Katika mstari wangu toa nane, weka saba. Huna haja ya kugusa kitu kingine, wewe mwenyewe ulitufundisha hivyo. Kisha uliza tena swali lile, na jina litakalotoka lisomwe kwa sauti kabla vyeti havijagawiwa. Kama alama zangu zitapunguzwa, zipunguzwe. Cheti sitakipokea kwa mkono mmoja.

Waheshimiwa, wazazi, wenzangu, asanteni kwa kuivumilia sauti ndogo.

Mama, mlango uko upande huu. Na asante kwa kile chakula.