Kiwanda cha Lorna na Gari ya Ndengu

Hapa Kiritiri, karibu na mahali mbuzi hupakiwa, nina birika yangu ya kahawa na benchi ambalo wanaume wamesahau ni langu. Siku hiyo tulikuwa tunamngoja pasta aje aombee gari ya kikundi chetu cha wakulima wa ndengu: pikapu nyeupe iliyotumika Japani mpaka wenyewe wakaichoka, sasa imefungwa utepe mwekundu kama bibi harusi. Kamati iliyotumwa kuinunua ni hawa watatu wa benchi, Ngari, Thuranira na Ireri. Lakini Ireri hakuwa na raha. Binti yake Lorna hufunga milango kwenye magari mapya yanayoundwa kwa kiwanda fulani njia ya Nairobi, na asubuhi redio ilisema kiwanda kinazama. Serikali isiposaidia, watu watarudishwa nyumbani.

Ngari tunamwita Waziri, kwa sababu hakuna wizara hajaiongoza akiwa ameketi hapo. Akaanza yeye.

— Serikali iokoe hicho kiwanda! Nchi nzima inaazima magari kama sukari!

— Iokoe na nini, Waziri? Juzi hospitali ilikosa glavu.

Huyo ni Thuranira, dereva wetu. Jina la hapa benchini ni Spana.

— Si kupewa zawadi, Ireri akasema. Wapunguziwe ushuru. Lorna anasema hata skrubu inatozwa. Na serikali ikitaka gari, inunue hapo.

— Marehemu mzee wangu alikuwa dereva wa serikali, akasukuma gari zao miaka mingi, nikasema. Alikuwa akiniambia, "Mama Nelius, gari nzuri ni ile inanifikisha kama bado nimeketi."

— Cucu, hayo ya kusukuma weka kando, Waziri akasema; hapa wote huniita Cucu, yaani nyanya. Dawa ni hii: ukitaka leseni yoyote, onyesha risiti ya gari ya Kenya. Hata leseni ya mbwa!

— Mbwa ataendesha? Ireri akauliza.

— Atapelekwa!

Spana akainua kikombe.

— Mimi ningeharibu barabara zote. Hizi gari za Japani zimezoea lami, zitakufa. Zetu zitabaki.

— Hiyo mbona walianza kitambo? Ireri akamuuliza.

— Basi matuta ya bampu! Waziri akasimama. Serikali iweke bampu baharini! Meli za magari zichelewe huko, mpaka Wajapani wakate tamaa!

Nilikuwa bado nacheka wakati bodaboda iliposimama. Lorna akashuka, na begi mbili, na godoro. Mtu hasafiri na godoro siku ya kazi kama kazi iko.

— Mami, umekuja, Ireri akasema polepole.

— Nimekuja, baba. Wametuambia tukangoje nyumbani mpaka serikali iamue.

— Usijali, msichana wetu! Waziri akasema. Benchi lote liko nyuma ya kiwanda chenu! Tumekubaliana kabisa!

— Asanteni sana.

Kisha akauona ule utepe.

— Na hiyo gari ni ya nani?

Waziri akakumbuka kupuliza kahawa iliyokuwa imepoa. Ireri akaangalia viatu vyake. Spana, kwa aibu, akaona afadhali aiondoe hapo machoni, akaingia, akawasha. Hapo sauti ya mwanamke ikatoka ndani ya gari, laini, yenye heshima, ikaongea Kijapani kirefu kama mtu anayesoma matangazo kanisani. Spana akabonyeza kila kitu. Waipa zikapangusa kioo, honi ikalia, mbuzi wakaruka, na yule mama akarudia kutoka mwanzo.

Lorna akaketi juu ya godoro lake. Macho yalikuwa yamejaa, lakini kicheko kikatoka kwanza.

— Baba, huyo mama anasema nini?

Kamati nzima ikatazamana.

Nikamimina kahawa iliyobaki, ile ya mwisho ambayo hugombaniwa kila siku, nikampa Lorna, na siku hiyo hakuna mwanamume aliyethubutu kusema ilikuwa yake.