Tata Ngeleka na Vidole Viwili vya Kila Mkopo

Tarehe 30 Juni 1987, baada ya miaka ishirini na mitatu katika benki yetu ya wakulima hapa Kolwezi, Tata Ngeleka, baba yetu sote kazini, anafunga meza yake na kwenda kupumzika. Mioyo yetu ni mizito, lakini imejaa furaha!

Alianza kama karani, kisha akawa mkaguzi wa mashamba, akishuka treni Lubudi na viatu vyake shingoni ili visiguse tope. Mkewe, Mama Tshibola, husema viatu vile vilibembelezwa kuliko yeye. Tusimwamini, tumeona jinsi Tata anavyombebea kikapu kila Jumamosi.

Mwaka 1975 bei ya shaba ilianguka, treni za Benguela zilizopeleka shaba baharini zikasimama, mishahara ya migodini ikachelewa. Mji ulihitaji mahindi, na wakulima hawakuwa na mbegu. Benki ilikubali kuwakopesha, kwa sharti moja: mbegu zisiporudishwa baada ya mavuno, ofisi yetu ndogo ya Lubudi itafungwa. Tata Ngeleka akaongeza sharti lake: mume na mke watie dole gumba pamoja kwenye karatasi ya mkopo, kwa sababu shamba hulimwa kwa mikono minne. Ee, kuna neno tamu kuliko hilo?

Wanaume walimcheka. “Tata Ngeleka, hii ni banki ao kanisa? Unapenda kutufungisha ndoa mara ya pili?” Naye aliwasogezea wino tu.

Januari iliyofuata mvua ilikatika. Waume wengi walikata tamaa, wakaenda Lubumbashi kutafuta kazi. Wakubwa wa benki walikwisha kununua kufuli. Lakini wake walibaki, na mvua iliporudi wakapanda upya, wakapalilia. Siku ya kurudisha, Mama Mbelu, mmoja wa wake hao, alitangulia, akisukuma baiskeli yenye gunia. “Kidole ni yangu, neno ni yangu,” alisema. “Bwana yangu akirudi, atakuta tumelipa.” Nyuma yake barabara ilijaa wanawake na magunia. Kufuli lile halikufungwa kamwe. Leo Tata hulitumia kugandamizia karatasi zake.

Mkopo wake wa mwisho, Ijumaa iliyopita, ulikuwa wetu: mimi, mpiga chapa wa ofisi, na mume wangu Kisimba, tuliofunga ndoa Pasaka hii. Tumepata shamba letu la kwanza, kando ya reli ya Lubudi. Tata alinisogezea wino mimi kwanza. Bado uko kidoleni, na sina haraka ya kuuosha.

Asante, Tata wetu. Nenda salama na Mama Tshibola, mkalime shamba lenu sasa, kwa mikono minne, na Mungu awape mvua kwa wakati wake.